Kuzunguka Mlima Kumtafuta Mnyama wa Makena

Tangu nirudi, simu yangu haipumziki. Kila mmoja wenu katika chama chetu cha kuchangiana anataka kujua kama harusi ipo au haipo, na nikimweleza mmoja, mwingine anaipata ikiwa imetiwa chumvi. Juzi nimesikia ati tulienda Meru kwa mganga. Hatukuenda kwa mganga yeyote. Basi leo nimeifunika cherehani, nimekaa chini, naandika yote mara moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome mwenyewe.

Mnajua Makena si wa tumbo langu. Ni mtoto wa marehemu dada yangu Wanja, aliyeolewa Chuka. Wanja alifariki Makena akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nikaenda kumchukua, nikamlea hapa Skuta. Jun pia mnamjua, yule Mchina mrefu anayechimba visima, aliyepanga Ruring'u, ambaye Kiswahili chake amekiokota kwa vijana wa mtambo na kinafanana nao. Msilolijua ni kwamba mama yake alipokuja mwisho wa Januari kula Mwaka Mpya wao na mwanawe, aliikataa ndoa. Hakumkataa Makena kwa rangi, wala kwa dini, wala kwa umaskini wetu. Alimkataa kwa sababu ya panya.

Kwao kila mwaka una mnyama wake. Wako kumi na wawili, wanapokezana zamu, na mtu hubeba mnyama wa mwaka aliozaliwa mpaka kaburini. Jun ni Farasi. Mwaka huu wenyewe ulioanza ni wa Farasi. Kitambulisho cha Makena kinasema alizaliwa mwaka wa Panya, na Panya na Farasi, kwa imani yao, hawapikiki chungu kimoja. Mama Jun aliposikia mwaka ule alifunga mdomo, na alipoufungua alisema hapana.

Makena alilia siku tatu. Mimi nilikosa usingizi, maana nilijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua: tarehe iliyo kwenye kitambulisho kile niliitunga mimi.

Skuta hadi Karatina

Sikuungama. Nilimwambia Jun tu kwamba hizi tarehe za vitambulisho mara nyingi ni za kukisia, na kwamba mkunga aliyempokea Makena, bibi tunayemwita Cucu Karimi wa Chuka, huenda anakumbuka siku yenyewe. Moyoni nilikuwa na mpango mwingine. Nilitaka nimfikie yule bibi kwanza, nimvute kando, nimnong'oneze mwaka wa mnyama mzuri, kisha autaje mbele ya wote. Mtu akishasema uongo mmoja, wa pili haumtoi jasho.

Siku ya kwanza ya mwaka wao ilikuwa Jumanne, na walitualika kula kwa Jun. Baada ya chakula nilishika ufagio, kama mgeni yeyote mwenye adabu angefanya. Mama Jun alitoa ukelele mpaka nikadhani nimekanyaga paka.

"Tata, wacha!" Jun akasema; naye huniita Tata, dada ya mama, kama anavyoniita Makena. "Leo hakuna kufagia. Ukifagia unatoa bahati yote nje."

Nikauweka ufagio chini, nikaketi kama mwanafunzi aliyetumwa nyuma ya darasa. Hapo ndipo Jun alipomweleza mama yake kuhusu safari ya Chuka. Yule mama alifikiri, kisha akasema twende kesho, kwa sababu siku ya pili ya mwaka ndiyo siku ya binti kurudi kwa mama yake na zawadi. Akasema pia kwamba yeye anakuja, ayasikie kwa masikio yake. Jambo hilo lilinipa tumaini kidogo. Mtu aliyekwisha kukataa kabisa hahangaiki na siku iliyo sawa.

Sasa, kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Mimi na Makena tuliwahi misa ya alfajiri, tukatoka na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, tukaingia ndani ya gari la Jun, Probox. Mama Jun alimwangalia Makena, akatoa kitambaa, akakilowesha kwa maji ya chupa, akaanza kumpangusa. Niliushika mkono wake hewani.

"Ni ya kanisa, Mama," Makena akasema, na Jun akatafsiri.

Mama Jun akauliza ni ya nini. Makena, ambaye hajui kudanganya, akajibu kwamba ni ya kutukumbusha kuwa tutakufa. Jun alisita kuitafsiri, mama yake akamsukuma, akaitafsiri. Jamani! Kumbe siku za mwanzo wa mwaka kifo hakitajwi hata kwa mzaha. Yule mama alitema mate dirishani mara mbili, akageukia barabara mpaka tunafika Karatina.

Karatina hadi Embu

Karatina tulisimama kununua machungwa. Mama Jun aliyachagua moja moja, akiyageuza kutafuta yenye jani, na akataka yawe jozi jozi. Mwenye machungwa alipomwongezea moja la bure, alilirudisha kwa sababu liliharibu hesabu ya mbilimbili.

"Ati amekataa ya bure?" mwenye machungwa akaniuliza. "Huyu mama yuko sawa?"

"Yuko sawa," nikasema. "Ni sisi hatuko."

Tukapita Kagumo. Karibu na Kerugoya alifungua bakuli lake na harufu ikajaa gari. Zilikuwa sambusa za kuchemshwa, ndogo, zimefinywa kingo kwa vidole vya mtu aliyezifinya maisha yake yote, na ndani mna nyama ya nguruwe. Alimpa Makena ya kwanza kwa mikono miwili. Makena akanitazama. Jumatano ya Majivu hatuli nyama, na yule mama alikuwa ameamka usiku kuzitengeneza kwa ajili ya safari ya msichana aliyemkataa.

"Mwambie leo tunafunga nyama," nikamwambia Jun. "Kesho tutakula zote, hata bakuli."

Sijui alimwambiaje. Bakuli lilifungwa, na kisogo cha Mama Jun kikawa kigumu kama ukuta. Nilijisikia vibaya, na pia nilikasirika, kwa maana yeye naye alikuwa amenikataza ufagio.

Samaki ndiye aliyetuokoa. Hoteli tuliyoingia Embu ilikuwa na tilapia wazima wa kukaanga, na samaki siku ile ni halali kwetu. Mama Jun alipomwona samaki ana kichwa na mkia, uso wake ulikunjuka. Tulikula wote wanne kutoka sinia moja, nikamfundisha kumega ugali, akanifundisha kutoa shavu la samaki bila kulivunja. Halafu akatuzuia tusimmalize. Samaki wa mwaka mpya, Jun akasema, sharti abaki kidogo, ndipo mwaka nao usiishiwe.

Mhudumu naye, msichana mchapakazi, akaona tumeacha, akachukua sinia akaenda nalo. Mama Jun aliinuka akamfuata mpaka jikoni. Tulisikia masufuria, tukasikia Kichina, tukasikia mpishi akiuliza kama ni polisi. Akarudi amekumbatia mfuko wenye mkia na mifupa, na nyuma yake mhudumu anacheka mpaka machozi.

"Mama, si ungesema tu nikufungie?"

Ilituchukua karibu saa nzima kuondoka, kwa sababu sasa kila mtu jikoni alitaka kuambiwa mnyama wake. Mpishi alikuwa Nguruwe, na hakufurahi.

Embu hadi Chuka

Baada ya Runyenjes barabara inaanza kushuka na kupanda mabonde. Katika bonde la mto Thuci, tukipanda upande wa pili, Probox ilichemka, na Jun akaisimamisha chini ya mti wa makadamia. Yeye na Makena walikwenda kutafuta maji kwenye nyumba za juu. Kabla hawajaondoka nilimuuliza Jun, kama mtu anayepitisha wakati tu, ni wanyama gani wanaopatana na Farasi.

"Simbamarara, Mbwa na Mbuzi," akasema. "Lakini bora zaidi ni Simbamarara."

Nikaiweka kichwani. Nilibaki na Mama Jun, mimi na yeye bila neno moja la pamoja. Alinimenyea chungwa. Nilipolipokea alinitazama muda mrefu, na nikaona aibu, maana macho yale yalikuwa yamechoka tu, hayakuwa na ubaya.

Chuka tulipanda juu, kwenye majani chai, mpaka kwenye boma alikoolewa dada yangu. Shemeji zangu walishauza na kuhama. Jirani, mzee aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, alitufungulia njia ya migombani penye kaburi la Wanja.

"Na Cucu Karimi?" nikamuuliza.

"Karimi hayuko. Kijana yake alimchukua akampeleka Timau, ni miaka mingi. Niko na namba ya simu ya huyo kijana, nikupatie."

Timau ni upande wa pili wa Mlima Kenya kabisa. Niliiandika ile namba kwenye kiganja. Makena alikuwa amepiga magoti mbele ya msalaba wa mbao, akizungumza na mama yake polepole. Nilidhani Mama Jun angebaki garini, kwa vile alivyoogopa habari za kifo asubuhi. Alikuja. Aliweka machungwa mawili juu ya udongo, akainama mara tatu mpaka nywele zikamfunika uso. Jun akasema hii ndiyo siku ya pili, na binti amefika kwao, kwa hiyo mama mwenyeji lazima asalimiwe. Nililia pale, na sikujali nani ananiona.

Chuka hadi Meru

Hapa sina mengi. Mvua ndogo ilitunyeshea, kisha vumbi, kisha lori la ndizi lilikwama mbele yetu na watu wote wa magari wakashuka kusukuma, Mama Jun akiwa amekunja mikono ya sweta lake jekundu. Walimshangilia. Mwenye lori akampa kichane cha ndizi, naye Mama Jun akazihesabu kama ziko mbilimbili, zikawa mbilimbili.

Meru tulilala chumba kimoja, mimi na yeye, watoto kila mmoja chumba chake. Asubuhi niliona pindo la sketi yangu limefumuka, nikatoa sindano niliyonayo daima kwenye mkoba. Aliinyakua! Siku hizi za mwanzo sindano na makasi havishikwi. Mimi fundi wa nguo, mkate wangu unatoka kwenye tundu la sindano, nikadhani nitatembea siku nzima na pindo linaning'inia. Kabla hatujatoka aliniinamia, akalibana kwa pini ya nywele zake. Pini ilikuwa halali, sijui kwa nini, na sikuuliza.

Tulikula zile sambusa za kuchemshwa kwa kiamsha kinywa, baridi, zote. Ni tamu. Nimewaambia.

Meru hadi Timau

Timau kuna upepo unaoingia mpaka kwenye meno. Mlima uko karibu, na mashamba ya ngano yanakwenda mpaka unachoka kuyaangalia. Cucu Karimi tulimkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachagua viazi. Nilimwambia Jun wabaki garini kidogo, nimsalimie kwanza mimi. Nilikuwa na mwaka mdomoni tayari, niliokisia tu kuwa ni wa Simbamarara, maana hesabu yao sikuijua.

Sikupata nafasi. Yule bibi aliinua macho, akanipita, akamwona Makena akishuka.

"Huyo si wa Wanja? Uso ni ile ile! Kuja hapa, mtoto wa Elnino!"

Makena alimkumbatia akicheka. "Elnino gani, Cucu? Ile mvua kubwa ya Elnino ilinipata nikiwa mkubwa. Nilikuwa na mwaka na nusu."

"Ati mwaka na nusu? Nani amekudanganya? Barabara ilikuwa imekatika pale Thuci, mama yako akashindwa kufika hospitali ya Embu. Nilikushika na hii mikono. Mvua ilikuwa inagonga mabati mpaka sikusikia ukilia."

Makena alinigeukia. Alikuwa bado na nusu ya kicheko.

"Tata?"

Ningeweza kusema bibi amezeeka. Neno lilikuwa tayari. Lakini nilimwona dada yangu katika uso ule, na nikashindwa.

"Ni kweli," nikasema. "Ule mwaka elimu ya bure ilianza, nasari ya watoto wadogo ilikuwa bado ya kulipa, na darasa la kwanza ilikuwa bure. Nilikuwa nimepata kazi ya kushona mjini na sikuwa na mtu wa kukuachia. Nilikuongezea miaka miwili nikakupeleka darasa la kwanza. Nikaiandika tarehe hiyo, na ikakaa hivyo."

Aliweka mkono juu ya mdomo, akautoa.

"Tata, unajua nilikuwa wa mwisho mpaka darasa la nne? Unajua mwalimu alisema kichwa yangu ni ya kubebea maji tu? Watoto walikuwa wanaandika majina yao na mimi sijui kushika penseli. Nimeishi maisha yangu yote nikijua mimi ni mjinga."

Nilimnyooshea mkono. Aliondoka akaenda kusimama kwenye ua wa shamba la ngano, ametupa mgongo.

Mama Jun alikuwa akimvuta mwanawe mkono wa shati, na Jun akamweleza yote. Nilingoja atoe kitabu chake chekundu cha kuhesabia miaka na siku, asichokiacha nyumbani. Hakukitoa. Alimfuata Makena kwenye ua ule, akamwita Jun, nami nikafuata kwa mbali kama mbwa aliyeiba.

"Mama anasema yeye pia ni Panya," Jun alianza kutafsiri. "Na baba yangu alikuwa Farasi." Akanyamaza, akamuuliza mama yake kitu, akajibiwa. Nilivyomwona uso, hayo yaliyofuata hakuwahi kuyasikia. "Baba alikufa kwa mgodi wa makaa. Nyanya yangu akasema ni mama alimuua na mnyama yake. Kila mwaka mpya, siku ya pili, mama akienda kwao, watu wa baba walikuwa wanamwambia asirudi. Alirudi kwa sababu yangu. Makena, anasema hajakuogopa wewe. Anaogopa siku moja mimi niwe mgonjwa, na watu waseme ni wewe."

Wiki tatu nilikuwa nimemwita yule mwanamke majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliona haya.

Makena alipangusa macho kwa kiganja. Akarudi kwenye viazi, akachuchumaa mbele ya Cucu Karimi.

"Cucu, ilikuwa mwezi gani?"

"Mwezi sijui, mimi sikuwa na kalenda. Najua nilimpikia mama yako njahi. Njahi mpya, zimetoka shamba hiyo wiki."

Mimi na Makena tulitazamana, maana sisi tunajua. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, ili apate nguvu na maziwa. Na njahi za mvua ya Oktoba huvunwa Februari inapoisha. Nikamweleza Jun. Ndipo kitabu chekundu kikatoka. Kidole cha Mama Jun kilishuka polepole, kikasimama. Mwaka Mpya wao wa kipindi cha Elnino ulikuwa umeingia mwisho wa Januari, kwa hiyo Makena alikuja karibu mwezi mzima ndani ya mwaka mpya wa mnyama mwingine. Mama Jun alitamka neno moja na Jun akakaa chini juu ya gunia.

"Simbamarara," akasema.

Cucu Karimi akauliza kama huo ni ugonjwa.

Jun alicheka, mama yake akacheka, nami nikapiga kigelegele peke yangu. Makena hakucheka. Alingoja tunyamaze.

"Muulize," akamwambia Jun. "Na kama ningekuwa Panya?"

Mama Jun alikifunga kitabu. Alikiweka magotini, akasema maneno machache.

"Anasema, basi angekuwa amekukosea vile walimkosea yeye."

Akaushika mkono wa Makena wenye udongo wa viazi, hakuuachia mpaka chai ikaja. Baadaye alitaka aambiwe njahi zinapikwaje, na Jun akaeleza kwamba kwao mwanamke aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima akilishwa kuku na tangawizi. Cucu Karimi aliitikia kwa kichwa.

"Huyo mama anajua kazi," akasema.

Timau hadi nyumbani

Harusi ipo, kwa hiyo acheni kupiga simu. Lakini barabara ya kurudi ilikuwa ndefu kwangu kuliko zote. Makena alikaa nami kiti cha nyuma na hakunisemesha. Nanyuki alinunua chai ya wote wanne na kunipa yangu akiangalia pembeni. Naro Moru tulipita bila kusimama. Mama Jun mbele alikuwa akiimba kitu kwa sauti ya chini, na mimi nikihesabu miti.

Tulipopita Kiganjo ndipo Makena aliposema.

"Tata, nilikuwa na miaka ngapi darasa la kwanza?"

"Minne. Ulikuwa unakaribia mitano. Ile sare nilikushonea mwenyewe, nikaipunguza mara tatu na bado ilikuvuka magoti."

"Kumbe nilikuwa katoto tu."

"Ulikuwa mdogo sana. Nisamehe, mama."

Hakusema amenisamehe. Aliegemeza kichwa begani mwangu, akalia kidogo, na mimi sikuthubutu kusogea.

"Siku ya ruracio," akasema mwishowe, "wakija kuleta mahari, utasimama mbele ya watu wote useme miaka yangu ya ukweli. Na useme kwa nini uliibadilisha. Usiseme ati ni karani alikosea."

"Nitasema."

"Uanze na chama yako."

Basi ndugu zangu, naanza na nyinyi. Makena anatimiza miaka ishirini na minane mwezi huu. Hakuwa mjinga hata siku moja, na aliyedanganya ni mimi.